Punguza Sukari

Mauaji niyapendayo ni yale yasiyo na damu nyingi.
Mchungaji aanguke kifudifudi ndani ya bakuli la uji wa shayiri,
mwenye duka la vitambaa atoweke na mkasi wake,
na ifikapo sura ya tano mpelelezi ajifunge aproni,
akande unga,
maana kichwa hakifikiri tumbo likiwa tupu.
Kisha, kabla sijamjua muuaji, ukurasa mzima:
vikombe viwili vya unga, siagi, yai moja.
Hapo namwacha maiti alale.
Haozi, ni wa karatasi.

Huku Nyufaundlandi theluji ya Februari hupanda hadi dirishani
ikachungulia kama jirani mdaku.
Watoto wako Alberta, wanachimba mafuta.
Ambrose yuko kilimani, chini ya jiwe alilolichagua mwenyewe
kwa sababu lilikuwa na punguzo.
Nimebaki na jiko, taa, na kadi ya maktaba.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja juu ya kituo cha zimamoto.
Ottilie hukifungua Jumanne na Ijumaa.
Riwaya za namna hii anazo thelathini na moja,
nami nimezisoma zote, nyingine mara mbili,
kwani uzee nao una faida yake:
nimeshamsahau muuaji.

Ila msimu huu nimeona jambo.
Pembeni mwa mapishi, kwa penseli:
*Punguza sukari.*
Kitabu kingine, keki ya molasi:
*Dakika arobaini ni uongo. Thelathini na mbili.*
Na kingine, chini ya mkate wa zabibu kavu:
*Yeye aliupenda hivi.*

Yeye nani?

Nikavaa miwani. Kesi ya mchungaji nikaiweka kando,
nikafungua ya kwangu.
Herufi zilikuwa kubwa, nzito,
za mtu aliyezoea kushika kitu akiwa na glavu.
Kwenye kona palikuwa na alama ya kidole, nyeusi.
Nilidhani molasi. Nikailamba
(ndiyo, nimelamba kitabu cha serikali).
Ilikuwa grisi.
Na Ottilie, nilipompelekea biskuti, akasema
vitabu hivyo hukutwa kwenye sanduku la nje alfajiri,
usiku wa theluji ukishapita,
kabla barabara haijapitika.

Nani hupita kabla ya kuwepo njia?
Anayeitengeneza.

Leander Budgell, dereva wa greda la theluji!
Miaka kumi na tisa anapita hapa kwangu saa kumi na moja,
ananipungia mkono mmoja,
na neno nililowahi kumsikia akilisema ni "baridi".
Nikakumbuka msiba wa mkewe, Verna.
Kijiji kizima tulimpelekea vyakula,
na kila bakuli lilirudi limeoshwa,
ndani yake mkate wa zabibu.
Tulimsifu dada yake.
Dada yake, ambaye hata yai humshinda kuchemsha!
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na sisi sote tulikuwa tunakodolea kifuniko.

Vitabuni, mpelelezi huwakusanya watu sebuleni
akamnyooshea mmoja kidole.
Mimi sebule yangu ina viti viwili,
na sina hamu ya kumwaibisha mtu kwa kuoka.
Nilichofanya, nilioka ule mkate wa sura ya tisa
nikapunguza sukari.
Alikuwa sahihi.
Jambo hilo liliniudhi siku nzima,
nikala vipande vinne ili nihakikishe.

Kisha nikachonga penseli, nikaandika chini ya mwandiko wake:
*Kuhusu sukari, kweli. Kuhusu tangawizi, hapana.
Njoo tubishane. Nyumba yenye mlango wa kijani.*
Nikakitia kitabu sandukuni kabla ya giza.
Aliyemuua mchungaji hata sijamjua.

Redio imesema usiku huu sentimita ishirini.
Miaka sabini na moja hapa duniani,
sijawahi kuiombea theluji ije.